Kuomba West Point bila mpango wa pili ni kumtesa mtoto

Ndugu Mhariri,

Kuna barua ya mzazi mmoja mliitoa hapa kwenye ukurasa wa wasomaji, kijana wake yuko Minnesota anamaliza hai skuli na anaomba kuingia West Point, ile akademi ya kufundisha maofisa wa jeshi la Marekani, na mzee anaeleza kwa kujivunia kabisa kwamba wamekubaliana asiombe chuo kingine chochote, eti njia mbili zilimshinda fisi. Nikasema hapana, hii lazima ijibiwe, maana hapa Houston najua familia kadhaa za Wabongo, Wakenya na hawa ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi, watoto wao wanaziota hizo akademi za kijeshi na wazazi wana mawazo hayo hayo, kwamba ukiwa na mpango wa pili basi Mungu ataona huna imani. Mzee wangu shikamoo, lakini fisi alipasuka kwa sababu njia zake mbili zilikuwa zinaachana. Hizi za huku zinakutana mbele. Aliyetoka West Point na aliyetokea chuo cha kawaida kupitia ROTC, yaani mafunzo ya uofisa wa jeshi yanayotolewa humo humo vyuoni, wote wakitunukiwa kamisheni wanaanza na luteni usu, mshahara ule ule, saluti ile ile.

Kwa walioko nyumbani, ukitaka picha fikiria Monduli yetu au Lanet ya Kenya. Marekani wanazo tano za serikali kuu: West Point ya jeshi la nchi kavu ilianza 1802, Annapolis ya wanamaji 1845, ya jeshi la anga ikaanzishwa kwa sheria ya 1954 na iko Colorado Springs, halafu kuna ya Walinzi wa Pwani kule New London, Connecticut na ya meli za biashara pale Kings Point, New York. Hizo tatu za kwanza ada hakuna, chakula na malazi juu yao, na mtoto analipwa kila mwezi, ila akimaliza anadaiwa miaka mitano ya utumishi jeshini na mingine ya akiba. Sasa mzazi anayelipa renti kwa shifti za usiku za nasing homu na wikiendi anaendesha Uber, akisikia chuo bure miaka minne na mtoto analipwa juu yake, unategemea nini, lazima achanganyikiwe. Namwelewa kabisa.

Tatizo ni mlango wenyewe. Ukiacha ile ya Walinzi wa Pwani, zote nne zinataka uteuzi, wenyewe wanaita nominesheni, yaani mtoto anaandika barua kwa mbunge wa eneo lake na kwa maseneta wawili wa jimbo lake, kila mmoja ana fomu zake na dedilaini yake, na kwa zile tatu za kwanza Makamu wa Rais naye ana nafasi zake. Mbunge mmoja anaruhusiwa kuwa na wanafunzi watano tu kwa wakati mmoja kwenye akademi moja kati ya hizo tatu, na eneo la mbunge huku lina watu kama laki saba na nusu. Piga hesabu mwenyewe. West Point wanapokea vijana kama 1,200 kwa mwaka nchi nzima, na wanaoomba ni maelfu kwa maelfu, kila mmoja ni kepteni wa timu fulani ana gredi za A. Na nominesheni ukiipata haina maana umeingia, bado kuna mitihani ya kuingilia vyuo kama SAT au ACT, bado kuna jaribio la mwili ambapo unapiga magoti unarusha mpira wa basketi, unajivuta kwenye bomba, pushapu, sitapu, unakimbia maili moja, na bado kuna madaktari ambao nitawafikia.

Lakini hebu nieleze kwanza kitu ambacho yule mzee inaonekana hajakisikia. Ofisi za wabunge wengi zinaita watoto kwenye intavyuu, wanakaa watu wa pale pale mtaani, wastaafu wa jeshi, wengine waliosoma hizo hizo akademi, na swali moja linalopendwa sana ni hili: usipochaguliwa utafanya nini? Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba hakuna pembeni atajibu nini? Atasema mimi nina West Point tu, akidhani ameonyesha moyo, kumbe anayemsikiliza anaona kijana anayependa jina la chuo na lile gwanda la kijivu. Wanamtafuta anayetaka kuwa ofisa kwa mlango wowote. Binti yangu alijibu kwamba akikosa Annapolis ataingia ROTC ya wanamaji, skolashipu ikikosekana atasoma uhandisi chuo cha kawaida na ataomba tena mwaka unaofuata, basi yule mzee mstaafu aliyekuwa anamhoji akaanza kuandika. Nominesheni akapata. Annapolis wenyewe wakamkataa mwezi wa nne. Sasa hivi yuko ROTC na anaamka alfajiri kukimbia kama angekuwa kule, kwa hiyo siandiki haya ya kusoma vitabuni.

Haya, madaktari. Kuna idara ya wizara ya ulinzi inaitwa DoDMERB, hiyo ndiyo inapima afya ya waombaji wa akademi na wa skolashipu za ROTC, na haijali umepata A ngapi. Mtoto aliyewahi kuandikiwa pumu baada ya kufikisha miaka 13 kwa kawaida anakataliwa papo hapo, na hapa wazazi wengi wa kwetu tunaumia bila kujua kwa sababu mtoto anakohoa wakati wa baridi, kliniki wanampa dawa ya kuvuta na kuandika pumu kwenye faili ili bima ilipe, miaka inapita kila mtu kasahau, halafu lile neno linafufuka kwenye fomu. Asiyetofautisha rangi naye kuna kazi nyingi hatapewa. Ni kweli kuna msamaha unaitwa weiva, ila huuombi wewe, akademi yenyewe ndiyo inaamua kama inakutaka kiasi cha kukuombea. Sasa mzee niambie, kijana amefanya kila kitu sawa, halafu anakataliwa kwa kikohozi cha zamani na hana chuo hata kimoja alichoomba. Hapo imani imekosekana wapi?

Kuna jambo lingine ambalo kwetu sisi wahamiaji ni kubwa kuliko hata gredi, nalo ni uraia. Akademi inataka raia wa Marekani, grinikadi haitoshi, na skolashipu ya ROTC hivyo hivyo. Nimeona mtoto wa jamaa yangu, akili nyingi, kakimbia riadha ya jimbo, amefika kwenye fomu anakutana na swali la uraia ndiyo wanakumbuka kwamba baba hajawahi kuomba kwa sababu alikuwa anaogopa ule mtihani wa historia. Wazazi sikilizeni. Kwa sheria iliyoanza kufanya kazi 2001, mzazi akiapishwa kuwa raia wakati mtoto hajafikisha miaka 18, ana grinikadi na anaishi na huyo mzazi aliye na haki ya kumlea, mtoto naye anakuwa raia papo hapo bila mtihani wowote, unamwombea pasipoti tu. Akishafika 18 imekula kwenu, anaanza foleni yake mwenyewe. Kwa hiyo kwa familia iliyoingia kwa bahati nasibu ya viza au kwa ukimbizi, hii miaka mitano ya kusubiri uraia ndiyo mpango wenyewe na inatakiwa ipigiwe hesabu tangu mtoto yuko midoskuli, kabla ya hai skuli, msingoje mwaka wa mwisho. Na huyo mwenye grinikadi bado anaweza kujiunga jeshini kama askari wa kawaida, akapata uraia kupitia utumishi, na akademi zina nafasi zilizotengwa kwa askari walioko kazini. Ni njia ndefu, ila ni njia.

Turudi kwenye ROTC maana wengi wanaidharau, wanaiona ni ya walioshindwa. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, hakusoma West Point, alipitia ROTC pale City College of New York akamaliza 1958, akaja kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani 1989 na baadaye waziri wa mambo ya nje. Mtoto wa mhamiaji kabisa, kama wa kwetu. Skolashipu ya ROTC inalipa ada, kuna posho ya kila mwezi, na ile ya miaka minne ya jeshi la nchi kavu ukiona mwaka wa kwanza mambo hayaendi unaondoka hudaiwi. Hata ukikosa skolashipu unaruhusiwa kujiandikisha yale madarasa ya miaka miwili ya mwanzo bila kusaini mkataba wowote, ukifanya vizuri skolashipu inaweza kukukuta humo humo ndani. Bodi ya skolashipu inakaa zaidi ya mara moja kwa msimu, kwa hiyo anayetuma mapema anaangaliwa tena na tena na anayetuma dakika ya mwisho anaangaliwa mara moja. Fomu ni tofauti na ya akademi, hilo nalisisitiza, kwa sababu kuna watu wanadhani akademi wakikukataa wanakupeleka ROTC wenyewe. Hawakupeleki popote.

Kwa sisi wa Texas kuna Texas A&M hapo College Station ambako mtoto akijiunga na kikosi chao cha makadeti anaishi kikadeti, gwanda na gwaride, na akimaliza si lazima aende jeshini kama hataki. Wa Galveston kuna chuo cha mabaharia chini ya Texas A&M hiyo hiyo, na mimi mtoto wa Tanga nasema wazi kwamba hicho kingekuwa chaguo langu la kwanza, meli kwanza halafu bunduki baadaye, ila binti hakunisikiliza.

Halafu kuna kuomba tena. Watu hawajui kwamba kila mwaka wanaingia vijana waliokataliwa mwaka uliopita, wakaenda chuo cha kawaida, wakasoma kalkulasi, kemia na Kiingereza, wakaleta gredi nzuri. Wengine akademi yenyewe inawapeleka kwenye shule yake ya maandalizi mwaka mmoja, ya wanamaji iko Newport, Rhode Island. Jenerali Patton mwenyewe, yule wa Vita vya Pili vya Dunia, alikaa mwaka mzima chuo cha kijeshi cha Virginia kabla ya kupata nafasi West Point, na alipofika huko akafeli hesabu akarudia mwaka wa kwanza, akamaliza 1909. Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alitaka Annapolis, umri ukawa umempita, akaenda West Point. Angekuwa mtoto wa yule mzee wa Minnesota angebaki Kansas anasubiri.

Na hesabu ya tarehe ni hivi. Fomu za akademi zinafunguliwa mtoto akiwa mwaka wa tatu wa hai skuli, za wabunge zinafungwa kipindi cha vuli, majibu yanaweza kuchelewa mpaka mwezi wa nne, na wapo wanaoitwa mwezi wa tano wakitokea kwenye listi ya kusubiri. Vyuo vya kawaida dedilaini zake zinapita kati ya Novemba na Januari, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vingi vinataka ulipe diposti ya kushika nafasi. Kwa hiyo atakayesubiri jibu la West Point ndiyo aanze kuomba kwingine amechelewa kwa miezi kadhaa. Omba vyote vuli, jaza FAFSA ya misaada ya serikali, lipa diposti ya chuo kimoja, akademi ikikuita mwezi wa tano unapoteza hiyo diposti na unacheka.

Kuna na hili la sisi wazazi kutangaza. Mtoto kapata nominesheni tu, baba kaweka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, kanisani kasimamishwa, bibi kule Moshi anaambiwa mjukuu ni mwanajeshi wa Marekani. Nominesheni! Mwezi wa nne barua ya kukataliwa ikija mtoto haombolezi chuo tena, anaomboleza aibu ya baba yake, na hapo ndipo wengine wanagoma hata kuomba tena. Tuwaache wapumue jamani.

La mwisho kwa walioko nyumbani wanaouliza kama mtoto aliyeko Tanzania au Kenya anaweza kuomba. Zipo nafasi za kadeti wa kigeni, kila moja ya hizo akademi tatu kubwa inaruhusiwa kuwa nao mpaka 60 kwa wakati mmoja, lakini Marekani inaialika serikali ya nchi, serikali ndiyo inapendekeza kijana, na akimaliza anarudi kulitumikia jeshi la kwao. Kwa hiyo akija mtu mtaani anakwambia ana koneksheni ya kumwingiza mwanao West Point kwa dola kadhaa, hiyo hela mlipie mtoto ada.

Na yule mzee kama anasoma hapa: dirisha la kuomba tena kwa mwakani bado lipo, na kama kijana hajajaza fomu ya ROTC aijaze wiki hii.

Ni mimi msomaji wako,
Mzazi, Houston, Texas