Kamba ya Katani na Tovuti ya Bei ya Mbuzi: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wenzetu wa kigango, Tumsifu Yesu Kristo.

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze tulichofanya na kilichotushinda. Mwaka jana mlilalamika kwamba taarifa yangu ilikuwa ndefu mpaka wali ukapoa. Safari hii wapishi nimewaambia wasianze mapema.

Katika umoja wetu wa makanisa hapa Tanga, tulianza mwaka tukiwa makanisa tisa na tumeumaliza tukiwa kumi na moja, kuanzia Muheza mjini na vijiji vya njia ya Amani hadi Hale na Korogwe. Kamati iliitwa mara nne. Akidi ilitimia mara tatu. Mara ya nne tulikunywa chai tukarudi makwetu.

Mlitupa kazi mbili. Ya kwanza, kila kanisa liwe na ukurasa wake kwenye intaneti kwa gharama linayoimudu. Ya pili, tutafute namna za kuomba zitakazowagusa watu wasiozoea kusimama na kuomba kwa sauti: watoto, vijana wa benchi la nyuma, na wale wazee wanaosema "mimi maneno sina". Niliziona kuwa kazi mbili tofauti na nikaunda kamati ndogo mbili. Mwezi Mei zikagongana.

Kamba

Tulipanga kufanya mnyororo wa maombi kati ya Sikukuu ya Kupaa na Pentekoste, 9 hadi 19 Mei. Kuomba siku hizo kumi si ugunduzi wetu. Mwaka 2016 maaskofu wakuu wa Canterbury na York waliwaita watu wao kufanya hivyo, na mwito huo ukavuka mipaka ya Uanglikana. Sisi tuliongeza utundu wa vijana wetu: kila kanisa lina saa zake, likimaliza linabonyeza kitufe kwenye tovuti, na kanisa linalofuata linaona zamu imefika.

Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: simu inaonyesha mnara umejaa, na hakuna kinachofunguka. Ukurasa wetu wa maombi ulizunguka kama pia. Hale walisubiri zamu hadi saa nne usiku wakaamini Muheza wamelala. Muheza nao walipoona kimya wakaamini Hale wamesusa. Mimi nilikaa na simu mbili mkononi, zote hazina msaada, na nakiri kwamba usiku ule sikuomba hata kidogo.

Jumatatu asubuhi alikuja nyumbani kwangu mzee mmoja wa kanisa, mstaafu wa shamba la mkonge, aliyefanya kazi miaka mingi pale korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Alikuwa na kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, nyembamba kama kidole cha mtoto, urefu wa mita kumi na mbili. Akasema zamani kiwandani hakuna zamu iliyoanza mpaka ile inayotoka imekabidhi kitu mkononi. Basi kamba hii izunguke. Anayeomba afunge fundo moja kwa haja moja, asilazimike kusema ni haja gani. Kanisa likimaliza, bodaboda aipeleke kwa jirani.

Nilikubali kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Mvua za masika zilikuwa bado zinapiga, kwa hiyo kamba ilisafiri ndani ya mfuko wa mbolea. Nilikuwepo ilipofika kanisa la pili. Aliyetangulia alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Alifunga fundo akalikaza kwa meno, na alipoulizwa akasema ni la mbuzi wao mgonjwa. Akafuata mama muuza machungwa, vidole vimechanika kwa kazi, katani ikawa inamchoma, akafungua akafunga upya mara mbili mpaka akaridhika. Kisha akainuka baba mmoja ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu sijamsikia akiomba mbele za watu. Alifunga mafundo matatu kwa mfululizo, akaketi, akafunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyemuuliza.

Usiku wa mkesha wa Pentekoste kamba ilirudi na mafundo sitini na moja. Ilikuwa imefupika mno. Tuliipima ikawa haifiki mita nane na nusu. Tukaitandaza juu ya mabenchi, na kila mtu akachukua fundo lolote, mradi asishike la kwake, akaliombea bila kujua ndani yake mna nini, kisha akalifungua. Kazi ilichukua zaidi ya saa tatu. Mengine yalikuwa yamekazwa na mvua, tukayachokonoa kwa mpini wa kijiko. Waliozoea kusinzia saa saba za usiku walikuwa macho, kwa kuwa mikono haisinzii mapema kama masikio.

Sasa, malalamiko. Sisi ni watu wa Tanga, na mafundo tunayajua. Mzee mmoja aliniandikia barua ya kurasa mbili akisema mtu anayefunga mafundo na kutaja haja za wenzake anafanya kazi ya mganga, na kwamba kanisa linalofunga halitofautiani na yule anayewafunga watu. Barua ile sikuidharau, na nawaomba nanyi msiidharau. Wapo miongoni mwetu waliowahi kuambiwa uzazi wao au biashara yao "imefungwa", wakalipa mbuzi na kuku ili ifunguliwe. Kwao fundo si mchezo. Tuliwaita wachungaji, padre na makatekista wakakaa siku nzima. Mmoja alileta Yoshua 4, yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani ili watoto waulize maana yake. Mwingine akaleta Isaya 58:6, penye kufungua vifungo vya uovu na kuzilegeza kamba za nira. Waliafikiana hivi: kamba ikae mbele ya watu wote wakati wote, asiwepo mtu wa kuitunza kwake usiku, na hakuna fundo linaloachwa. Aliyeandika barua alikubali kwa shingo upande. Mwaka huu nimemwomba awe mmoja wa wasimamizi, na amekubali hilo pia, kwa shingo upande vilevile.

Mambo mengine tuliyojaribu nitayapitia haraka. Vijana walichora kwa majivu, kwenye uwanja wa shule, njia ya kuzunguka polepole huku mtu akiomba, kwa mfano wa ile iliyolazwa kwa mawe sakafuni mwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, tangu miaka ya 1200. Ilikuwa na upana wa mita kumi na tatu, nzuri kabisa, na ilidumu mpaka mvua ya saa tisa alasiri. Ya Chartres ni ya mawe. Njia ya Msalaba kupitia mashambani ilikwenda vizuri, isipokuwa kituo cha tisa palipokuwa na nyuki.

Tovuti

Mwezi Februari fundi mmoja alitupa makisio ya shilingi 1,800,000 kwa kila kanisa, na ada juu yake kila mwaka. Kanisa letu dogo kuliko yote linakusanya sadaka ambayo mkihesabu pamoja na mayai haifiki huko hata kwa mwaka. Tulimshukuru.

Tulichofanya ni hiki. Tulisajili jina moja la tovuti lenye mwisho wa .or.tz, tukapangisha nafasi moja ya kuhifadhia tovuti, na humo tukayaweka makanisa yote, kila moja na ukurasa wake. Programu tuliyotumia, WordPress, ipo tangu 2003 na hailipiwi. Cheti kinachofanya anwani ianze na https, yaani mawasiliano yalindwe, tunakipata bure kwa huduma ya Let's Encrypt; mwaka 2024 kilikuwa cha siku 90, na kinajihuisha chenyewe kikipangwa sawasawa. Gharama yote ikigawanywa, kila kanisa halilipi hata bei ya mbuzi mmoja kwa mwaka. Mtunza hazina atawasomea hesabu kamili, na risiti zipo mezani.

Kilichotuchelewesha hakikuwa fedha. Tulibishana kikao kizima kama kichwa cha juu kiandikwe "sharika zetu", "mitaa yetu", "parokia" au "vigango". Kila upande ulikuwa na hoja za kiroho. Imeandikwa "makanisa yetu", na hakuna aliyefurahi, ndipo nikajua tumetenda haki.

Jambo lililonifundisha zaidi ni picha. Kanisa moja lilipandisha picha kumi na mbili za kipaimara zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na MB 4 hivi. Hiyo ni MB 48 kwa mtu kufungua ukurasa mmoja. Bibi mwenye bando la MB 100 anatazama wajukuu wake mara mbili, bando limekwisha. Katibu wetu alizipunguza hadi KB 150 kila moja, zote kumi na mbili hazikufika MB 2, na kwenye kioo cha simu huwezi kuona tofauti. Nawasihi: kabla ya kupandisha picha, punguzeni. Huko nako ni kumhurumia maskini.

Na tujue watu wanakuja kutafuta nini. Makatibu wa makanisa wananiambia maswali yanayopungua tangu tovuti ianze ni yale ya saa za ibada, hasa Desemba, ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi. Historia ya kanisa yenye aya ishirini, ambayo mimi mwenyewe niliiandika kwa majuma matatu, hajawahi kuitaja mtu.

Kanisa moja kati ya yetu lilikuwa na tovuti yake ya zamani. Jina lilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja mwema, aliyekwenda chuo na kubadilisha namba. Ada ikaisha, taarifa za kumkumbusha zikaenda kwenye barua pepe asiyoifungua, na jina likachukuliwa na watu wengine. Leo ukiandika anwani ile unakaribishwa kubeti. Kijana hana kosa. Kosa ni la kumwachia mtu mmoja mlango wa kanisa na ufunguo wake. Kwa hiyo kila kanisa liwe na barua pepe ya ofisi, na nenosiri liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa na kukaa pamoja na vitabu vya ubatizo.

Kosa langu

Mwezi Julai nilielekeza maombi ya wagonjwa yawekwe kwenye tovuti ili walio mbali waombe pamoja nasi. Kanisa moja likaandika jina la mama mmoja, ugonjwa wake na kwamba amelazwa. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Muscat. Ndugu walikuwa wamekubaliana wasimwambie mpaka majibu ya vipimo yatoke, kwa kuwa mwajiri asingempa ruhusa na angebaki analia tu. Alisoma kwenye ukurasa wetu saa kumi alfajiri akijiandaa kwenda jikoni. Alinipigia mimi. Kwa dakika nzima sikusikia neno, kilio tu, kisha akauliza, "Mama mwenyekiti, watu wangapi wamesoma?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mama alipona, namshukuru Mungu, lakini kupona kwake hakunisafishi. Nimekwenda kwao kuomba radhi na nawaomba radhi nanyi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya, za imani na za watoto inaziita nyeti. Nilipaswa kuijua. Tangu Agosti hakuna jina la mgonjwa kwenye tovuti. Mwenye haja anaandika ujumbe unaokwenda kwa mchungaji au katekista wake peke yake, na tovuti inasema tu kwamba haja zimepokelewa. Kwenye kamba nako hakuna majina, na yule mzee wa korona alinikumbusha kwa upole kwamba hilo alilisema tangu mwanzo.

Yanayofuata

Kamati inapendekeza mambo mawili, mtayapigia kura. Fedha iliyobaki tusinunue muonekano mpya wa tovuti, ingawa vijana wameshachagua rangi. Tuwalipie bando makatibu wa makanisa kumi na moja, ili saa za ibada ziwe sahihi mwaka mzima. La pili ni la ile kamba. Mafundo matatu hayakufunguka usiku ule, na kinyume na makubaliano ya wachungaji yamebaki hadi leo, kamba ilikaa kwenye kabati la sakristia hadi jana bila mtu kujua la kufanya. Wengine wanataka yakatwe. Mzee wa korona amekataa, anasema katani iloweshwe usiku kucha, asubuhi itaachia. Beseni lenye kamba lipo nyuma ya kanisa tangu jana jioni, tutalitazama baada ya chakula.

Mwaka huu wa 2025 Kupaa ni tarehe 29 Mei na Pentekoste ni 8 Juni. Kamba itaanzia Amani, kwa kuwa barabara yao ndiyo hukatika kwanza. Tunahitaji bodaboda wawili wa kujitolea na mfuko mpya wa mbolea, ule wa mwaka jana umetoboka.