Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Michezo ya Dunia ya Tiba na Afya

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kutoka wodini. Tangu michezo hii ianzishwe Cannes, Ufaransa, mwaka 1978, imemvua daktari bingwa koti jeupe na kumpanga mstari mmoja na mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia na mwanafunzi wa udaktari. Wanakimbia, wanaogelea, wanapiga tenisi, kisha wanakaa kwenye kongamano la tiba ya michezo. Kwa hilo mnastahili pongezi.

Kanuni zenu hazimkatazi muuguzi kushiriki. Anayemzuia ni zamu, na nyuma ya zamu, mfuko. Kila mshiriki hujilipia ada, nauli na malazi ya karibu wiki nzima, na mshahara wa muuguzi si wa daktari bingwa. (Cheti cha afya mnachodai hakitusumbui; wa kukisaini tunao tele.)

Zamu ndiyo ngumu zaidi. Mwenye kliniki yake anaweza kuifunga wiki moja. Muuguzi hana mlango wa kufunga: lazima apatikane wa kumshikia, na akirudi, miguu ikiwa bado inauma, atamlipa mwenzake huyo kwa kumfanyia zamu za usiku kadhaa mfululizo. Ratiba ikishatoka, kuomba ruhusa ya kwenda kucheza ni kujitafutia maneno.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria wauguzi kuwa karibu milioni 28, asilimia 59 ya wataalamu wa afya wote. Michezo inayojiita ya afya haiwezi kuwachukulia watu hao kama wasindikizaji.

Naomba mji na tarehe vitangazwe angalau mwaka mmoja kabla, ili likizo iombwe kwa wakati. Naomba pia ada ipangwe kwa kada na kipato, na anayetaka kukimbia mbio zake mbili akaondoka kesho yake alipie siku hizo tu. Kwenye kongamano, wekeni mada ya mwili unaofanya mazoezi baada ya kukesha kazini, na watoa mada watoke miongoni mwa wanaokesha.

La tarehe halihitaji bajeti. Tungefurahi kusikia jibu lako juu ya hilo kabla ya usajili ujao kufunguliwa.

Wako katika michezo,
Muuguzi wa wodi ya upasuaji, mkimbiaji wa mita 5,000