Barua kwa mwanangu: nyumba ya Forest hatutaiuza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya mwaka huu imewahi. Asubuhi mlima Loleza hauonekani mpaka saa nne, na magoti yangu yananiambia habari za hali ya hewa kabla sijashuka kitandani. Mparachichi wa uani umezaa hadi tunagawia majirani.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema ile miaka 25 ya mkataba tulionunulia nyumba hii serikalini, ambayo hatukuruhusiwa kuuza, inaisha 2028, na kwamba viwanja vya mtaa wetu wa Forest sasa vinagombaniwa. Unataka tuuze, nijengewe nyumba ndogo Uyole, na kitakachobaki kikutoe kwenye chumba cha kupanga huko Leeds, Uingereza. Hukuniudhi. Najua umeandika kwa kunipenda. Lakini jibu langu ni hapana, na sababu nataka uwe nayo kwa maandishi.

Ulikuwa darasa la pili tulipoinunua. Kabla ya hapo tuliishi humo miaka sita kama wapangaji wa serikali. Kodi ilikatwa kwenye mshahara wangu, kiasi kidogo tu, na kila kitu ndani kilikuwa na namba: mlango una kibati, kabati la jikoni limepigwa namba kwa rangi nyeupe, hata ile meza uliyokuwa ukifanyia hesabu. Mwaka 2002 serikali ya Mzee Mkapa ikaamua kuwauzia watumishi nyumba walizokuwa wanaishi. Barua yangu ilinikuta ofisini nikiandaa taarifa ya pembejeo. Nikaisoma, nikairudisha kwenye bahasha, nikaitoa tena. Bei ile haikuwa bei ya soko, mwanangu. Kwa fedha ile usingepata hata kiwanja kilichopimwa cha mtaa ule, achilia mbali nyumba yenye sakafu nyekundu, dohani na mahali pa kuotea moto. Na haikutakiwa yote kwa mkupuo. Ingekatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kwa miaka 10.

Marehemu baba yako alikataa wiki nzima. Yeye alitaka tujenge kwao Tukuyu. "Nyumba ya serikali ni ya serikali," akawa anasema, kisha ananyamaza. Siku ya saba usiku, tukiwa tunaota moto, akasema, "Nunua. Ila ujue tumekalia kiti cha mtu ambaye hajafika." Hati ikatoka kwa jina langu peke yangu, na wapo waliomcheka kwa hilo. Yeye hakujali.

Mtu huyo alifika mapema kuliko tulivyodhani. Ulikuwa shule siku hiyo. Alikuja mama mmoja kijana getini, mtoto mgongoni, viatu vimejaa tope. Mumewe alikuwa daktari, amehamishiwa hapa, na walikuwa gesti Mwanjelwa mwezi wa tatu sasa, chumba kimoja, choo cha wote. Kazini kwake waliambiwa nyumba hakuna. Mtu akamwelekeza kwamba nyumba za serikali ziko Forest, akapanda kwa miguu kuja kujionea. Nilisimama mlangoni na kanga begani nikamwambia mtaa huu zimeuzwa. Akauliza, "Zote?" Nikamwambia zote. Mtoto alikuwa anakohoa kikohozi kile kizito cha Julai. Nikamkaribisha ndani, nikampa uji, nikawasha moto, akakaa hadi alasiri. Baada ya miezi michache nikasikia yule daktari ameomba uhamisho na wameondoka. Hapa hapa Mbeya, ambako wagonjwa wanatoka Chunya na Kyela, daktari aliondoka kwa kukosa pa kulala.

Sijutii kununua. Nataka hilo ulielewe vizuri. Nilipostaafu kiinua mgongo kilichelewa mno, mafaili yakawa yanatafutwa, naambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo. Kama ningekuwa bado mpangaji wa serikali, ningetakiwa kuondoka na virago vyangu sina hata pa kuvitua. Nyumba hii ilinisitiri. Ilikusomesha pia, maana vyumba vya uani nilipangisha wanafunzi nikapata ada yako. Mtumishi aliyetumikia miaka 30 kupata pake si kosa. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba zilipouzwa zile, hazikujengwa nyingine za kutosha kwa wanaokuja nyuma.

Ndiyo maana habari ya chumba chako ilinikaa rohoni. Uliniambia fleti hiyo ilikuwa ya halmashauri, kwamba mpangaji wa zamani aliuziwa kwa punguzo, akaja kuiuza, na sasa mwenye nayo anawapangisha chumba kimoja kimoja, nanyi mnamlipa karibu nusu ya mshahara. Nikatafuta kusoma. Sheria yao ni ya 1980, wakati wa waziri mkuu Thatcher. Aliyekuwa mpangaji wa halmashauri kwa miaka 3 alipunguziwa asilimia 33 ya bei, na kila mwaka zaidi aliokaa akaongezewa asilimia 1, hadi 50. Aliyeuza kabla ya miaka 5 alirudisha sehemu ya punguzo. Watu wa kipato cha chini walipata nyumba zao wenyewe kwa mara ya kwanza katika ukoo, na furaha yao naijua, nimeionja. Lakini halmashauri zikabanwa zisitumie fedha ile yote kujenga nyingine, na England pekee, bila Scotland na Wales, ziliuzwa karibu milioni 2. Scotland wakaufunga mpango huo 2016, Wales 2019. Wewe ulifika baada ya meza kuondolewa vyombo. Yule mama wa getini kwangu ni wewe, mwanangu. Kila nikifikiria kodi unayolipa, namwona na tope lake.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba. Nyumba isiuzwe, hata nikiwa sipo. Wewe ukirudi, ni yako, kaa. Usiporudi, ipangishwe kwa bei ya kawaida, fedha ikusaidie huko. Lakini vile vyumba viwili vya uani viwe vya watumishi wapya wanaopangiwa kazi hapa, walimu, manesi, mabwana shamba, kwa kodi ndogo, na wasidaiwe ya miezi sita mbele. Mshahara wa kwanza wa mtumishi mpya unachelewa, wewe hukuajiriwa serikalini hujui. Nimeshamwona wakili, ameandika. Nakala iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, pamoja na hati na risiti zote za yale makato. Nataka na wewe uisome uniambie kama umeridhika, nisikufungie jambo usilolitaka.

Tayari nimempata wa kwanza, mwalimu wa hesabu, kijana wa Singida, anahamia Jumamosi. Nimemwambia alete godoro tu. Blanketi nitampa mimi, yeye haijui Julai ya huku.

Mama yako akupendaye,
Mbeya