Ami, usianzie kwa Miles: barua ya wazi kwenda Wete

Ami yangu, shikamoo.

Lile neno lako la kwenye simu bado linanikera, la kuwa jazz ni muziki ambao "kila mtu anapiga lake na hakuna anayemngoja mwenzake". Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Wako wengi wanaoingia Ngome Kongwe siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara, wakikuta saksafoni jukwaani wanasema hayo hayo, kisha haooo, Forodhani kula urojo.

Sikio lako halina tatizo. Sikio lililolelewa na bashraf, ule muziki wa ala tupu wa taarabu, linalojua fidla zote zinaponyamaza ili mtu wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, atembee peke yake, haliwezi kushindwa na jazz. Namlaumu aliyekuchagulia. Kila anayetaka kumwingiza mtu kwenye jazz humpa albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, basi na wewe ukapewa hiyo hiyo, tena kwa spika ya simu. Kwa spika ya simu besi haisikiki hata kidogo, na kwenye albamu ile besi ndiyo inayozungumza mwanzo. Tutairudia. Kwa sasa iweke kando.

Anza na Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, ya mwaka 1958. Huyu bwana alizaliwa Brooklyn, New York, akipiga besi na udi. Mwenyewe akisema baba yake ni Msudani, ingawa watafiti wamekuja kuonyesha kuwa wazazi wake walitoka Saint Vincent, huko Karibi. Mtu wa visiwani kama sisi, kwa maana hiyo. Alichofanya ni kuwaweka studio moja mpiga kanuni, mpiga fidla, dumbaki na dufu, na katikati yao akamtia Johnny Griffin na saksafoni yake. Vipande ni vinne tu, na havina haraka. Griffin alisifika kwa kasi. Mwaka huo huo yeye na Abdul-Malik walikuwa wakipiga na mpiga piano Thelonious Monk katika kilabu cha Five Spot, na huko anamwaga noti kama aliyekatiwa tiketi ya kuondoka. Hapa anakwenda pole. Kwa sikio langu anapiga kama mgeni aliyekaribishwa barazani, anapima kwanza wenyeji wanasemaje. Wako wanaoiona albamu hii kuwa ni jaribio lisilokamilika, kwamba mafuta na maji vimekaa chupa moja. Mie siafiki. Wewe uliyepiga fidla kwenye harusi za Pemba ndiye unayefaa kuamua, si hao.

Ya pili, na hapa nakuomba uwe na subira, ni Uhuru Afrika ya Randy Weston. Weston, mpiga piano, naye ni wa Brooklyn, rafiki wa utotoni wa huyo huyo Abdul-Malik. Aliirekodi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, sisi na Tanganyika bado tukisubiri. Mpangilio wa muziki wote ni kazi ya mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Maneno ameandika mshairi Langston Hughes, na mwanzoni kabisa, kabla bendi haijashika kasi, unamsikia mtu anayasema kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuja kuwa mbunge. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikadhani nimefungua redio kwa bahati mbaya. Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964, na kwangu hiyo ni sifa tosha. Kile kipande cha "African Lady" unaweza kukiruka. Kinaimbwa kwa sauti za opera na mie hakijapata kunikaa. Lakini "Bantu" usikiruke. Mna ngoma za Mnaijeria Olatunji na za Wacuba humo, na kipande cha kufunga kinaitwa "Kucheza Blues", jina ambalo halihitaji mkalimani Wete.

Hapo sasa ndipo umrudie Miles. Vaa hedifoni, zima feni. Kwenye "So What" piano na besi wanaanza taratibu, huna hata uhakika kama wimbo umeanza. Kisha besi ya Paul Chambers inashika maneno, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili tu. Besi inasema, wanaitikia. Inasema tena, wanaitikia. Ami, huyo ni mwimbaji na waitikiaji wake, lile lile unalolijua tangu utoto. Halafu sikiliza pale Miles anapoanza kutembea peke yake: Jimmy Cobb anapiga toazi mara moja, kwa nguvu, na mlio unabaki hewani huku tarumbeta ikiingia chini yake. Asiyemngoja mwenzake hapigi hivyo.

Kitu kingine kitakachokufurahisha wewe unayekunja uso kanuni ikiwa imelegea kidogo. Siku ya kwanza ya kurekodi, tarehe 2 Machi 1959, mashine ya tepu ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, tepu ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, upande wa kwanza wa santuri ulikuwa ukilia juu kidogo kuliko walivyopiga wenyewe, na dunia ikasikiliza hivyo mpaka ulipotolewa upya na kurekebishwa mwaka 1992. Nina hakika wewe ungelalamika siku ile ile ya kwanza.

Herbie Hancock, mpiga piano, nakutajia kwa kucheka tu. Albamu yake ya 1971 inaitwa Mwandishi, na bendi nzima ilijipa majina ya Kiswahili. Mpiga tromboni ni Pepo Mtoto. Mpiga tarumbeta ni Mganga, na kweli alikuwa daktari. Muziki wenyewe ni mgumu, uache mpaka mwakani.

A Love Supreme ya John Coltrane nayo usiisikilize ukiwa na shughuli. Ilirekodiwa tarehe 9 Disemba 1964. Katika sehemu ya mwisho, "Psalm", Coltrane haimbi wala hasemi, lakini saksafoni yake inasoma shairi la kumshukuru Mungu alilolitunga mwenyewe, neno kwa neno. Maneno yamechapishwa kwenye jalada. Anapumua mwisho wa mstari kama anavyopumua msomaji wa kasida. Wengine wanapenda zaidi sehemu ya kwanza, ile yenye kibwagizo. Mie khasa ni hii.

Usiniombe zile za "nyimbo bora za jazz", wala ile jazz laini inayopigwa kwenye hoteli za kaskazini watalii wakinywa juisi. Hiyo hata mie inanilaza.

Nimezitia zote kwenye flashi kwa mpango huo huo, utaipata kwa boti ya Alkhamisi. Ukishasikiliza kipande cha kwanza cha Jazz Sahara, nambie kimeanza kwa maqam gani, yaani mtindo upi wa sauti za Kiarabu. Mie na jirani yangu wa Malindi tumebishana wiki nzima, yeye anang'ang'ania maqam ya Bayati, na mimi sitaki kumjibu mpaka nikusikie wewe.

Mwanao,
Unguja Mjini