Siku ya hedhi hotelini isidaiwe cheti cha daktari (ED)

Ndugu Mhariri,

Hoteli zinazofikiria kuwapa wafanyakazi wa kike likizo ya hedhi tunaziomba zianzie kwenye ratiba ya zamu, maana siku hiyo hupotelea hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Ila bila cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kulipa. Mwanamke aliyejikunja kwa maumivu alfajiri apange foleni zahanati, alipie, aandikiwe ED ya siku moja, na mwezi ujao arudie? Wengi humeza dawa wakaja kazini. Zambia, kwa sheria yake ya ajira ya 2019, inampa kila mwanamke siku moja kwa mwezi, bila cheti na bila kuulizwa sababu. Tunaitaka hiyo.

Hausikipa mwenye vyumba 14 huinua kona za godoro kitanda baada ya kitanda, kisha hupiga magoti kusugua bafu. Choo cha mgeni haruhusiwi kukitumia. Cha wafanyakazi kiko chini, karibu na dobi. Na sare yake ni ya rangi ya krimu! Suruali nyeusi ingemwondolea nusu ya wasiwasi.

Ujumbe kwa msimamizi saa moja kabla ya zamu unatosha. Kwenye ratiba ya ubaoni paandikwe "mapumziko" tu, kwani ubao ule husomwa na kila mtu. Vyumba vyake wasirundikiwe wenzake. Hapo ndipo minong'ono huanza, na mwezi wa pili hakuna anayethubutu kuomba. Hesabu si kubwa: wahudumu 20, siku moja kila mmoja, ni siku 20, hazifiki hata zamu 26 za mtu mmoja kwa mwezi. Aajiriwe mmoja wa akiba.

Mgawo wa sevisi chaji, yaani ada ya huduma wanayolipa wageni, nao uihesabu siku hiyo kuwa ya kazini, la sivyo mtu atakuja akiumwa ili asikatwe. Na vibarua wanaolipwa kwa siku, ambao hujaa msimu wa watalii, ruhusa isiyo na ujira kwao ni sawa na kufukuzwa kazi siku moja. Walipwe.

Wasimamizi wa usafi wa vyumba,
Arusha