Usifute masharti ya usanidi ili seva ziende haraka

"Mmenitoza pesa yote hiyo kwa kubadilisha mistari michache?" Lalamiko hili halituishii. Mteja wa karibuni aliongeza kwamba hayo masharti, yaani mistari inayoamua kama kazi ifanyike au irukwe, angeyafuta mwenyewe, bure. Wengi huyafuta kweli, kisha ndipo wanatupigia simu.

Chukua Puppet, zana ya kusanidi seva kiotomatiki. Isipobadilishwa, ajenti wake, yaani programu inayokaa ndani ya seva, huamka kila dakika 30, yaani mara 48 kwa siku. Kila `exec`, yaani kazi inayoendesha amri, ikiwa na sharti la `unless` huendesha kwanza amri nzima ya sharti hilo ili tu kujua kama kuna kazi ya kufanya. Amri hiyo ikiwa inaorodhesha vifurushi vyote vya seva, mashine inaelemewa kwa swali ambalo jibu lake halibadiliki. Mteja akichoka anafuta `unless`. Tangu hapo kazi inafanyika kila zamu, ihitajike isihitajike, na kama ina `notify`, yaani agizo la kuiarifu huduma fulani, huduma hiyo nayo inawashwa upya. Tuliwahi kuitwa na mtu ambaye tovuti yake ilikatika kila nusu saa. Alikuwa ameshahamia seva ya bei kubwa zaidi kabla ya yeyote kufungua lile faili la usanidi.

Sisi hatufuti sharti, tunatafuta njia nyepesi ya kulijibu. Mara nyingi `creates` inatosha, maana inatazama tu kama faili lipo. Ila faili lenyewe lazima lithibitishe kwamba kazi ilikamilika, si kwamba ilianza. Ukichagua lile linalozaliwa mwanzoni, usakinishaji uliokatika njiani utahesabiwa umekwisha. Kwenye Chef, zana nyingine ya aina hiyo, sharti la `not_if` lenye amri hufungua sheli, yaani programu ya kuendesha amri, lakini ukilipa kipande cha msimbo wa lugha ya Ruby chenye `File.exist?` jibu linapatikana humo humo ndani ya Chef.

Ansible, zana ya tatu, ndiyo inayotula muda. Kuna njia mbili za kuingiza faili la kazi, `import_tasks` na `include_tasks`. Sharti la `when` lililowekwa kwenye `import_tasks` hupimwa upya kwa kila kazi iliyomo. Kwenye `include_tasks` hupimwa mara moja kwa kila seva, na sharti likikataa kazi zile haziguswi. Mtu akisoma hivyo anabadilisha neno moja na kuona amemaliza. Kumbe tagi, yaani lebo za kuchagua kazi za kuendesha, zilizowekwa kwenye `include_tasks` hazirithiwi na kazi za ndani, kwa hiyo anayezoea kuendesha kwa tagi atakuta kazi zinarukwa kimya kimya. Kuzisaka tagi hizo zote kabla ya kugusa neno lile ndiko tunakolipisha, na bei hiyo hatuipunguzi.

Ukitaka makadirio, tuletee matokeo ya zamu moja: kwa Puppet tumia `--evaltrace`, kwa Ansible washa `profile_tasks`. Yataonyesha kila kazi ilichukua sekunde ngapi, na tutaanza na ile nzito kuliko zote.