Kupiga picha nje hapa Goma: kisambaza mwanga kipi kinafaa flashi yako?

Kikofia cheupe cha plastiki kinachovalishwa kichwa cha flashi ndicho kinachoulizwa zaidi na wateja wanaojiandaa kupiga harusi kando ya ziwa. Ni chepesi, kinaingia mfukoni, na bei yake haiumizi. Kwa kazi ya nje tunakuomba usikinunue. Ukumbini kinasaidia kwa sababu kinatupa mwanga pande zote, nao unagonga dari na kuta nyeupe kisha unamrudia mtu kutoka kila upande. Nje hakuna dari. Mwanga uliokwenda juu umepotea angani, na ule unaofika usoni unatoka kwenye kitu cha sentimita chache tu, karibu sawa na flashi yenyewe. Kivuli cha pua kinabaki kikali vilevile, na betri inaisha mapema bure.

Kinacholainisha mwanga ni upana wa chanzo ukilinganishwa na umbali wake kutoka usoni. Softboksi, yaani boksi la kitambaa linalovalishwa flashi ili kutandaza mwanga, ya sentimita 60 ikiwa mita 1 kutoka kwa bibi harusi, kingo za kivuli zinayeyuka taratibu. Irudishe mita 3, imekuwa taa ndogo tena. Kwa uso na mabega, 60 inatosha. Kwa mtu kuanzia kiunoni, au wawili waliokaribiana, chukua 80 au 90. Maharusi wima, mwili mzima, wanataka 120, na hapo ndipo upepo unapoanza kukusumbua.

Mji wetu una ugumu wake. Tuko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana husimama karibu na utosi na macho huzama gizani. Kwingine mchanga au saruji ingerudisha mwanga kidogo kutoka chini. Mawe yetu meusi ya volkeno hayarudishi karibu chochote. Tandika shuka jeupe miguuni, nje ya fremu, na ushushe softboksi hadi iwe juu kidogo tu ya macho. Ukiipandisha sana unarudia kosa lile lile la jua.

Ngozi nyeusi ndiyo inayofichua haraka kisambaza mwanga kibaya. Chanzo kidogo kinaacha nukta nyeupe inayong'aa kwenye paji la uso na ncha ya pua, na pembeni ya nukta hiyo ngozi inabaki giza. Wengi hapo huongeza nguvu ya flashi. Nukta inazidi kuungua na ngozi haifaidi kitu. Acha nguvu ilivyo, sogeza softboksi karibu na uipeleke pembeni hadi mng'ao utandazike na kufuata mstari wa shavu. Kama kuna gauni jeupe, inua kidogo uso wa softboksi ili gauni lipate ukingo tu wa mwanga.

Sasa hesabu ya nguvu, ambayo wengi wanairuka. Jua kali, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na kasi ya 1/200, linataka tundu la lenzi la f/11 hivi; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Flashi ndogo iliyoandikwa namba 60 (namba ya nguvu yake; ukiigawa kwa mita za umbali unapata f) kwenye boksi imepimwa mwanga ukiwa umebanwa kwa zumu yake kwenye milimita 200. Ukiifungua hadi milimita 35 ili ijaze softboksi, namba inashuka kwenye 36 hivi. Vitambaa viwili vya softboksi vinakula karibu stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga nusu), inabaki 18. Gawa kwa umbali: kwa mita 1.5 una f/12, yaani kwa nguvu yote umelingana na jua, basi. Kwa mita 3 una f/6, jua limekushinda. Ukitumia HSS (flashi kuwaka mfululizo ili ifuate kasi kubwa za kamera) ili ufungue hadi f/2.8, unapoteza stopu 2 au zaidi. Ndiyo maana anayefanya kazi mchana tunamshauri taa ya betri ya wati-sekunde 200. Anayesubiri saa kumi na moja jioni, au anayemweka mtu kivulini mwa mti, flashi ndogo inamtosha, tena bila kuichemsha.

Upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mwavuli wa sentimita 105 juu ya stendi ya mita 2 ni tanga la mtumbwi. Chukua softboksi inayofunguka kama mwavuli lakini yenye mbavu za faiba: upepo ukiipindua, zinarudi. Za chuma zikipinda, zimepinda. Funga bidoni ya maji ya lita 5, ambayo ni kilo 5 kamili, chini kabisa kwenye mguu ulio upande wa softboksi, isibembee. Ukitumia mawe, epuka yale yenye matundu mengi; ni makubwa kwa macho lakini mepesi mkononi. Kishikio kiwe cha chuma, kinachokumbatia mwili wa flashi. Kile kinachoning'iniza uzito wote kwenye kiguu chake cha plastiki kitakivunja.

Kwa anayeanza na ana msaidizi, paneli ya kukunja ya sentimita 110 ndiyo tungemuuzia kwanza. Kitambaa chake cha ndani kikishikwa kati ya jua na kichwa, karibu kadiri fremu inavyoruhusu, kinapunguza mwanga stopu 1 hivi na kufuta vivuli vya macho bila flashi. Chagua nyuma penye miti, maana ukiongeza mwanga wa kamera kwa ajili ya uso, anga itaungua.

Ukija dukani, njoo na kamera yako. Piga karatasi nyeupe kwa flashi tupu, kisha kupitia kitambaa, mizani ya rangi ya kamera ikiwa imefungwa kwenye kelvini 5500: karatasi ikigeuka njano au bluu utaiona papo hapo. Halafu piga softboksi yenyewe, f/16, flashi kwa nguvu ya chini kabisa. Katikati pakiwa peupe kabisa na pembe zikiwa kijivu, kitambaa cha ndani ni chembamba mno au kimesahaulika kiwandani. Turudishie hapo hapo, tufungue nyingine.